Ada ya Shule na Mtoto wa Mkulima: Habari ya Elimu Katika Nyanda za Kati

Katika kumbukumbu za sharika zetu za kale, karibu kila mahali shule na kanisa vilizaliwa siku moja, mara nyingi katika jengo moja la tembe. Siku ya Jumapili watu walikusanyika humo kwa ibada, na siku za juma watoto waliketi humo humo wakijifunza herufi. Habari hizo zimekwisha kusimuliwa mara nyingi, na wazee wetu wanazijua kuliko mwandishi wa sura hii. Hapa tunataka kuuliza jambo ambalo halisemwi sana katika sherehe, nalo ni habari ya fedha. Ni nani aliyelipia shule hizo? Na mtoto wa mkulima asiye na ng'ombe wa kuuza, katika nchi hii yetu ya mvua haba, alipataje nafasi ya kusoma, au aliikosaje?

Wasomaji watatuwia radhi tukianza mbali kidogo.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shule chache, hasa pwani, na nia yake ilikuwa kupata makarani, wakalimani na watoza kodi. Huku bara kazi ya kufundisha iliachiwa misheni. Waanglikana wa CMS walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na kwa upande wa Kilutheri, Misheni ya Leipzig ilifungua kazi Iramba miaka michache kabla ya vita. Reli ya kati ilifika Dodoma mnamo mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kisha vita ikaja na kuvuruga yote. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ikafuata njaa kuu ambayo Wagogo wameikumbuka hata leo kwa jina la Mtunya. Watu wengi mno walikufa au kutawanyika. Wamisionari wa Kijerumani nao waliondolewa nchini mwaka 1920. Katika miaka hiyo shule zilizobaki zilishikiliwa na walimu wenyeji, ambao wengi wao hawakupata mshahara wowote, ila chakula walicholetewa na wazazi baada ya mavuno, kama mavuno yalikuwapo. Kwa hiyo mlipaji wa kwanza wa elimu katika nyanda hizi alikuwa mwalimu mwenyewe, kwa jasho lake. Misheni ya Augustana kutoka Marekani ilipopokea kazi ya Iramba mwaka 1926, ilikuta msingi huo umekwisha wekwa.

RUZUKU NA SHULE ZA CHINI YA MTI

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza hali ya elimu. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones wa Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, Mwafrika mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilisema kwamba Serikali na misheni hazina budi kushirikiana. Mwaka uliofuata Gavana Donald Cameron akawaita wakuu wa misheni Dar es Salaam, wakakubaliana, na mwaka 1927 ikatungwa sheria ya elimu ya Waafrika. Tangu hapo Serikali ikawa inatoa ruzuku kwa shule za misheni.

Jambo hili lilipokelewa kwa furaha, na ilikuwa haki kulifurahia. Lakini masharti ya ruzuku yanahitaji kutazamwa kwa makini, maana ndiyo yaliyoamua ni mtoto yupi asaidiwe. Ruzuku ilitolewa kwa shule yenye mwalimu aliyepata cheti, yenye kufuata mtaala wa Serikali, na iliyokubali kukaguliwa. Zile shule ndogo za vijijini, ambazo katekista alifundisha kusoma, kuandika na Katekisimu chini ya mti, hazikupata kitu. Na hizo ndizo zilizokuwa nyingi, na ndizo zilizokuwa karibu na watoto wa maskini.

Matokeo yake si magumu kuyaona. Palipokuwa na misheni ya siku nyingi, yenye walimu wengi wenye vyeti, fedha za Serikali ziliongezeka. Pasipokuwa na walimu wa namna hiyo hazikufika. Kilimanjaro na Bukoba, ambako watu walikuwa na kahawa ya kuuza na misheni zenye nguvu, zikatangulia. Nyanda za kati, ambako mali ya mtu ni mifugo na chakula chake ni uwele na mtama, zikabaki nyuma. Haikuwa kwa sababu wazazi wa huku walidharau elimu, kama maofisa kadhaa wa kikoloni walivyopenda kuandika. Ilikuwa kwa sababu ruzuku ilimfuata aliyekwisha kuwa nacho. Huu ndio uamuzi wetu juu ya utaratibu ule, nasi hatuoni sababu ya kuulainisha, ingawa misheni zetu zenyewe zilikuwa miongoni mwa walionufaika.

Njia iliyobaki ilikuwa kuwafundisha walimu hapa hapa. Ndiyo maana chuo cha ualimu cha Kinampanda, huko Iramba, kilikuwa na thamani kubwa kuliko ukubwa wa majengo yake. Kila kijana aliyetoka pale na cheti aliifungulia shule moja mlango wa ruzuku. Mtu anayeandika historia ya Kanisa katika sehemu hizi akikitaja Kinampanda kwa mstari mmoja tu, atakuwa amekipunja.

Hata kwa watoto waliopata shule yenye mwalimu mzuri, ngazi ilikuwa fupi. Baada ya darasa la nne palikuwa na mtihani, na walio wengi waliishia hapo. Waliofaulu kwenda shule ya kati mara nyingi walitakiwa kukaa bweni na kulipa ada. Kwa mzazi mfugaji ada ilikuwa na gharama mbili, maana alitoa ng'ombe wa kuuza na papo hapo akampoteza mchungaji wa ng'ombe waliobaki. Ndipo uamuzi ukawa mmoja atasoma na wengine watachunga. Na yule mmoja, tusifiche, karibu kila mara alikuwa mvulana.

Hapa tutoke kando kidogo tuzungumze habari ya Kongwa. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa, katika Ugogo, palikuwa makao yake ya kwanza. Mpango ulishindwa vibaya na kuachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza fedha zinazokadiriwa kuwa paundi milioni 36. Katika majengo yaliyoachwa na mpango huo iliendeshwa shule ya bweni kwa watoto wa Kizungu, mpaka ilipofungwa na nafasi yake kuchukuliwa na shule mpya ya Iringa mwishoni mwa miaka ya 1950, mahali ambapo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Hivyo kwa miaka kadhaa, katika wilaya moja, mtoto wa Kizungu alikuwa na bweni, vitanda na walimu kutoka Uingereza, na mtoto wa Kigogo alikuwa na mti na katekista. Elimu ya nchi hii ilikuwa imegawanywa kwa rangi, yaani Wazungu mbali, Waasia mbali na Waafrika mbali, na kila rangi ilikuwa na mfuko wake. Wageni wetu kutoka ng'ambo wanaopita Kongwa siku hizi wakielekea kwenye ranchi huenda hawajui habari hii.

UHURU NA SHULE ZA WOTE

Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, hesabu ilikuwa hivi, kama Mwalimu Nyerere alivyoieleza baadaye katika Elimu ya Kujitegemea: watoto 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne, na wanafunzi 11,832 katika sekondari, ambao kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Kwa nchi nzima! Mfumo wa rangi ulifutwa kuanzia mwaka 1962, na ada za sekondari zikaondolewa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Kufikia mwaka 1967 wanafunzi wa msingi walikuwa 825,000 na wa sekondari 25,000.

Ila Mwalimu hakuficha upande wa pili. Aliandika kwamba katika kila watoto 100 wa shule ya msingi ni 13 hivi tu watakaopata nafasi ya sekondari, na kwamba wale wanaosoma kwa kodi ya wakulima wana deni kwa wakulima hao. Kwa wasomaji wa Dodoma na Singida maneno hayo yalikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu mkulima wa huku alilipa kodi kama mwingine, lakini watoto wake walikuwa wachache katika mabweni ya sekondari.

Ndipo likaja jambo lililozigusa sharika moja kwa moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku. Shule za msingi, baadhi ya sekondari na vyuo vya ualimu, Kinampanda kikiwemo, vikawa mali ya umma. Kwa ndugu zetu Waanglikana na Wakatoliki wa Dodoma, shule kama Msalato na Bihawana zilikwenda njia hiyo hiyo. Wazee kadhaa walihuzunika, maana walikuwa wamefyatua matofali kwa mikono yao. Wengine walisema, na mwandishi anaelekea kukubaliana nao, kwamba shule iliyolipiwa na kodi ya wote haikupaswa kuwa na mlango wa dhehebu. Kabla ya hapo mtoto wa Kiislamu wa Kondoa, au mtoto wa mzee asiye na dini yoyote, alikuwa na sababu ya kusita kuingia katika shule ya misheni. Baada ya hapo sababu hiyo ilipungua. Hasara tuliyoipata kama Kanisa ilikuwa faida kwa jirani zetu, na katika kitabu cha kumbukumbu inafaa yote mawili yaandikwe.

Pamoja na hayo Serikali iliweka utaratibu wa kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili mkoa wenye shule nyingi nzuri usichukue nafasi zote. Watu wa mikoa iliyotangulia waliulalamikia sana, wakisema mtoto wao mwenye alama za juu anaachwa na wa mkoa mwingine mwenye alama za chini anachukuliwa. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini alama za mtihani huonyesha pia ubora wa shule aliyosoma mtoto, wingi wa vitabu vyake na kama alikula kabla ya kuingia darasani. Kwa Mkoa wa Dodoma na wa Singida, utaratibu ule ulikuwa mojawapo ya mambo machache ambayo Serikali iliyafanya kuufidia upungufu ulioachwa na ruzuku za mwaka 1927.

Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuwakusanya watu vijijini, na ingawa operesheni hizo zilikuwa na machungu yake, ni kweli kwamba kijiji cha pamoja kilirahisisha kujenga shule. Walimu walitafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazini. Watani waliligeuza jina la UPE wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Tumecheka wote, hata hivyo wapo wasomaji wa kitabu hiki waliofundishwa kusoma na walimu hao, nao wanasoma vizuri.

Kasoro kubwa ilikuwa kwingine. Serikali ilipanga idadi ya sekondari kwa kufuata mahitaji ya wataalamu wa nchi, hivyo shule ya msingi ikawa pana kama bonde na sekondari ikabaki nyembamba kama tundu la sindano. Watoto wachache mno waliomaliza darasa la saba walipata nafasi katika sekondari za Serikali. Mlango wa kwanza ulifunguliwa kwa wote, na wa pili ukaachwa ulivyokuwa.

UCHANGIAJI

Baada ya vita ya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na ukame wa mara kwa mara, hazina ya Serikali ilikauka. Ada za sekondari zilirudishwa mwaka 1985, na wazazi wa shule za msingi wakaanza tena kutoa michango. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na neno "uchangiaji" likaingia katika lugha ya kila siku. Kwa elimu ya juu utaratibu huo ulianza mwaka 1992. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaukubali rasmi, ikiwaita wazazi, jamii, mashirika na dini kubeba sehemu ya mzigo.

Uandikishaji wa shule za msingi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia asilimia 98, ulishuka hadi chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Katika nyanda zetu idadi hizo zilikuwa na sura za watu. Mwaka wa mvua mzazi aliuza karanga akalipa. Mwaka wa ukame mtoto alikwenda mjini kuuza maji, au alirudi machungani.

Wakati huo huo mlango mwingine ulifunguliwa kwa ajili ya Kanisa. Tangu katikati ya miaka ya 1980 Serikali iliruhusu sekondari za binafsi ziongezeke. Mwezi Februari 1992 Serikali ilitia sahihi makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki juu ya huduma za jamii, na ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Miaka ishirini na zaidi baada ya kutwaliwa, Kanisa likarudi katika kazi ya sekondari.

Ila lilirudi katika hali nyingine. Zamani misheni ilipata ruzuku na misaada ya ng'ambo, na ada ilikuwa sehemu tu ya fedha zake. Sasa shule ya Kanisa iliishi kwa ada. Mishahara ya walimu, mahindi ya bweni, kuni na vitabu vyote vilitoka humo. Mkuu wa shule mwenye huruma aliyewapokea watoto kumi wasiolipa alijikuta hana mshahara wa mwalimu mmoja. Tusiwalaumu wakuu hao. Lakini tuseme wazi jinsi ilivyokuwa: mkulima aliyetoa sadaka yake Jumapili kujengea darasa la sekondari ya Kanisa, mara nyingi hakuweza kumpeleka mwanawe katika darasa hilo. Walioweza walikuwa watumishi wa Serikali na wafanyabiashara. Jambo hilo limo katika mioyo ya washarika wengi, hata kama halijapata kuandikwa katika muhtasari wa kikao.

Rais Mkapa alitangaza kuondolewa kwa ada za shule za msingi mwaka 2001, na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002. Katika nchi nzima wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka karibu milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Ukifuata MMES na ujenzi wa sekondari za kata, wanafunzi wa sekondari walipanda kutoka wapatao 524,000 mwaka 2005 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2010, na ada ya kutwa ikashushwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000. Lile tundu la sindano lilipanuliwa hatimaye, na waliolipanua kwa sehemu kubwa ni wanavijiji wenyewe, waliobeba mawe na mchanga.

Watani hawakukosa neno hapa pia: shule za kata waliziita "yeboyebo". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza, yalionyesha watahiniwa zaidi ya 240,000 wamepata sifuri, kiasi cha asilimia 60, mpaka Serikali ikaamuru yapangwe upya. Madarasa yalikuwapo, lakini walimu wa hisabati na sayansi hawakuwapo, wala maabara. Na kata za Dodoma na Singida ni kubwa. Mtoto aliyekaa mbali na shule alilazimika kutembea kilomita nyingi, au kupanga chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita "geto". Kwa msichana wa miaka kumi na minne geto lina hatari ambazo wazazi wanazijua. Hosteli za wasichana zilizojengwa na makanisa na wafadhili katika miaka hiyo ziliwaokoa wengi, kwa gharama ndogo kuliko ya kujenga sekondari mpya.

Chakula nacho hakina budi kutajwa. Katika miaka ya 2000 Mpango wa Chakula Duniani ulitoa chakula cha mchana katika shule za msingi za wilaya zetu zenye ukame. Walimu wakuu wa wakati huo wanajua jinsi mahudhurio yalivyofuata sufuria. Hapa kwetu, sera ya elimu isiyoeleza mtoto atakula nini saa sita mchana ni nusu ya sera.

BILA ADA

Kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, Serikali iliondoa ada na michango ya lazima tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne. Ilitangazwa kwamba shilingi bilioni 18.77 zitapelekwa shuleni kila mwezi. Fedha hizo zina mafungu yake: fidia ya ada, ruzuku ya uendeshaji, chakula cha wanafunzi wa bweni, na baadaye posho ya madaraka ya wakuu wa shule. Ruzuku ilihesabiwa kwa mwaka shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake ilibakizwa kununulia vitabu. Viwango hivyo vilikuwa vimepangwa miaka mingi kabla, wakati shilingi ilikuwa na nguvu zaidi. Sare, madaftari na chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi.

Watoto walifurika. Darasa la kwanza lilijaa kupita kiasi katika shule nyingi za mji wa Dodoma, na Serikali ilipohamia Dodoma rasmi kuanzia mwaka huo huo wa 2016, msongamano ukazidi. Katika baadhi ya vijiji wazazi waliacha kabisa kuchangia, wakisema elimu ni bure, na mlinzi na mpishi wakakosa ujira. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea michango shuleni, na baadaye ikaelezwa kwamba michango ya hiari ipitie kwa viongozi wa Serikali na asifukuzwe mtoto kwa ajili yake. Mwishoni mwa mwaka 2021 fedha za mkopo wa Uviko-19 zilijenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi nchini. Kuanzia Julai 2022 ada za kidato cha tano na sita ziliondolewa pia.

Juu ya ngazi hiyo iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa Chimwaga, na kwa mara ya kwanza mtoto wa Ugogo akawa na chuo kikuu cha umma mlangoni pake. Mwaka huo huo wa 2007 Waanglikana walianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika viwanja vya iliyokuwa sekondari ya Mazengo, mjini Dodoma.

Katika kupima uhitaji wa mwombaji, Bodi hutazama pamoja na mengine ada aliyolipa sekondari. Wazo ni la haki, kwani aliyelipa mamilioni kidato cha kwanza hafanani na aliyesoma shule ya kata. Lakini lina mtego ambao wachungaji wetu wanaufahamu vema. Yatima aliyesomeshwa na usharika au na mfadhili katika shule ya Kanisa huonekana katika fomu kama mtoto wa tajiri. Ili asihesabiwe hivyo lazima aambatishe barua ya aliyemfadhili. Kwa hiyo barua ya usharika, yenye sahihi na mhuri, imekuwa na thamani ya fedha. Ofisi ya usharika inayotunza vizuri orodha ya watoto iliowalipia, mwaka hadi mwaka, inamsaidia kijana pasipo kutoa hata shilingi moja zaidi. Na ile isiyotunza humkosesha mkopo bila kujua. Vijana wa kaya zilizo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini wana ushahidi wao tayari. Ni wale wa katikati, ambao kaya zao hazikuandikishwa na ambao mfadhili wao alikuwa kikundi cha akina mama, wanaoitegemea barua hiyo.

Mkopo hurudishwa. Kwa marekebisho ya mwaka 2016 mwajiri alitakiwa kukata asilimia 15 ya mshahara, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Kijana aliyeajiriwa anayekatwa kiasi hicho ndiye huyo huyo anayetegemewa na wadogo zake watatu huko kijijini. Ndiyo maana mara nyingine zaka yake ni ndogo, na wazee wa usharika wenye busara wamejifunza kutouliza.

Tarehe 31 Januari 2025, hapa Dodoma, Rais Samia alizindua toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, linalofanya elimu ya lazima kuwa miaka 10 na shule ya msingi kuwa miaka sita. Inatarajiwa kwamba mwaka 2028 darasa la sita na la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Watoto hao wamekwisha zaliwa na majina yao yamo katika vitabu vyetu vya ubatizo. Mabaraza ya sharika zenye viwanja karibu na sekondari za kata yameanza kuulizwa kama yanaweza kutoa nafasi ya hosteli, hasa kwa wasichana, na kwa bei gani kwa mzazi wa uwele na mtama.